Kabla hujanunua hisa za shirika la ndege, angalia limebana wapi

Kila mfumo wa shirika kubwa la ndege ukigoma, swali ni lile lile: "hisa zimeshuka, ninunue?" Na majibu huwa mawili tu, kuna wanaosema nunua fasta bei itarudi, na kuna wanaosema kimbia hilo shirika limeoza, na wote wanaongea wakiwa wameangalia grafu ya siku hiyo basi. Mimi hiyo grafu siku hizi naiangalia mwisho kabisa, maana nishaliwa hela hapo. Miaka kadhaa nyuma nilinunua hisa za shirika moja (silitaji) siku ya pili baada ya sistimu yao ya chekin kudondoka, nikajiona mjanja nimeokota dodo chini ya mnazi, kumbe ile kompyuta kugoma ilikuwa dalili tu, ugonjwa wenyewe ulikuwa ndani miaka na miaka. Ripoti za robo mwaka zikawa zinatoka moja mbaya kuliko nyingine. Nilikaa nazo miaka miwili nikauza kwa hasara.

Kwa hiyo hapa naandika jinsi ninavyolisoma shirika sasa hivi. Kitu nilichokuja kuelewa ni kwamba mifumo ya mashirika yote itagoma siku moja, hakuna lenye kinga. Kinachoamua hela yako ni siku ngapi shirika litachukua kusimama tena, na hizo siku zilishaamuliwa zamani na mtu aliyekaa na kalamu anakata bajeti.

Anza na hesabu ya abiria mmoja

IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, katikati ya 2025 kilikadiria kwamba mashirika yote yakijumlishwa yatabaki na faida ya dola 7.20 kwa kila abiria mwaka huo. Yaani ukishatoa mafuta, mishahara, ndege zenyewe, ada za viwanja, kodi na kila kitu, kwa mtu mmoja aliyesafiri wamebaki na chenji. Ni asilimia 3.7 ya mapato. Ukilishika hilo unaelewa kwa nini hawa jamaa wanabana mpaka inachekesha. Kuna ile stori maarufu ya Robert Crandall, bosi wa American Airlines miaka ya 80, aliyetoa zeituni moja kwenye kila sahani ya saladi ya daraja la kwanza na shirika likaokoa makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Na kusema kweli hakuna abiria aliyelia.

Sasa geuza upande wa pili. Sheria ya Umoja wa Ulaya inayoitwa EU261 inampa abiria yuro 250 mpaka 600 kutegemea umbali, safari ikifutwa ghafla kwa kosa la shirika. Theluji nzito inawaokoa, ila kompyuta yao wenyewe ikigoma kwa kawaida hawana pa kujificha. Chukua ndege ya siti 180, imejaa, safari fupi, imefutwa: 180 mara 250 ni yuro 45,000. Ndege hiyo hiyo ingeruka salama, 180 mara 7.20, faida haifiki hata dola 1,300. Hata ukifanya yuro na dola ni kitu kimoja, safari moja iliyofutwa imemeza faida ya safari kama 35, na hapo hujaweka hoteli, mabasi, na yule abiria aliyeapa harudi tena.

Hii hesabu ifanye kwa mkono wako mara moja, utaona kila tangazo la "tumeokoa kadhaa mwaka huu" kwa jicho lingine.

Tofautisha kubana na kujikaba

Zeituni ni kubana. Kupunguza uzito wa viti ni kubana. Kujikaba ni pale unapokata kile kitu ambacho kazi yake ni moja tu, kukunyanyua ukishaanguka. Rubani wa akiba aliyekaa nyumbani anasubiri simu, ndege moja iliyoegeshwa bila safari, watu wa kompyuta waliokaa miaka 20 wanaoijua ile sistimu ya kizamani na vichaka vyake vyote, stafu wa kutosha wa kupokea simu. Hivi vitu vina tabia mbaya, karibu mwaka mzima vinaonekana kama hasara. Sava ya bakapu inakula umeme na haifanyi kazi. Mtu wa fedha akiangalia jedwali anaona hela imelala, anaifuta, na mwaka huo faida inapanda, gharama kwa kila kiti kwa kilomita inashuka, wachambuzi wanapiga makofi, bosi anachukua bonasi yake. Mwaka wa pili kimya. Wa tatu kimya. Mpaka hapo kila mtu anaamini alikuwa sahihi kufuta.

Ndo maana mimi nikisoma shirika linajisifu limeshusha gharama, najiuliza limekata kitu ambacho abiria anakiona kila siku au limekata kitu cha siku ya balaa. Cha kwanza utasikia kelele mapema. Cha pili hutasikia kitu.

British Airways walifanya vyote viwili karibu kwa wakati mmoja, ndo maana mfano wao naupenda. Mwaka 2016 walipeleka mamia ya kazi za kompyuta kwa kampuni ya nje, India, na aliyepiga kelele alikuwa chama cha wafanyakazi cha GMB tu, nani mwingine alikuwa anajali. Januari 2017 wakaacha kutoa chakula cha bure daraja la chini kwenye safari fupi wakaanza kuuza, hapo sasa kila mtu akapiga kelele. Halafu tarehe 27 Mei 2017, wikiendi ya sikukuu Uingereza, umeme ukakatika kwenye data senta yao karibu na Heathrow, ukarudishwa hovyo, vifaa vikaharibika, abiria kama 75,000 wakakwama. GMB wakasema si tuliwaambia, bosi wa shirika Álex Cruz akakataa, akasema haihusiani kabisa na kazi zilizopelekwa nje. Mimi sina haja ya kuamua nani mkweli pale. Nachokiona ni kwamba watu wengi hawakumwamini Cruz, na hawakuwa na ushahidi wowote wa mambo ya umeme, walikuwa tu na kumbukumbu ya kile chakula. Sifa ndivyo inavyoliwa, inachakaa kwenye vitu vidogo miezi na miezi, siku unakuja kujitetea kwenye kikubwa hakuna anayekusikiliza. Kampuni mama, IAG, ikakadiria tukio limewagharimu kama pauni milioni 80.

Southwest, tusogee karibu

Ukitaka kusoma kesi moja tu kabla hujanunua hisa ya ndege yoyote, soma hii.

Desemba 2022 dhoruba ya theluji iliyopewa jina Elliott ikapiga sehemu kubwa ya Marekani. Mashirika yote yalifuta safari, hilo halina ubishi. Krismasi ikapita, wenzake wanaanza kusimama, Southwest, shirika kubwa la Marekani, ndo kwanza linazama. Ilikuwa hivi: programu yao ya kurekebisha ratiba za marubani na wahudumu, SkySolver, iliweza kazi mambo yakivurugika kidogo, yakivurugika sana inazidiwa, na taarifa nyingi za nani yuko wapi zilikuwa zinapita kwenye simu. Rubani anatua uwanja ambao hakupangiwa kwa sababu ndege imegeuzwa. Inabidi apige ofisini aseme jamani mimi niko huku. Anawekwa kwenye laini, muziki unapiga, saa moja, saa mbili, nyingine zaidi ya hapo. Muda wote huo kompyuta bado inaamini yuko mji mwingine na inampangia ndege ambayo hawezi kuifikia, ile ndege inakosa rubani inafutwa, wahudumu wake nao wanakuwa wamekwama, nao wanapiga simu, foleni inazidi kurefuka. Ndege zipo, marubani wapo, anga limeshatulia, ila hakuna anayejua nani yuko wapi! Mwishowe ofisini wakarudi kupanga watu kwa mkono.

Safari 16,900 zikafutwa ndani ya siku kama 10, abiria zaidi ya milioni 2 wakaathirika. Na chama cha marubani wao, SWAPA, kilikuwa kinalalamikia hiyo mifumo kwa miaka.

Sasa we mwekezaji sikiliza hii. Tarehe 7 Desemba mwaka huo huo, wiki mbili tu kabla ya dhoruba, kampuni ilitangaza kurudisha gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa), senti 18 kwa kila hisa. Ningekuwa mwanahisa ningefurahi, sidanganyi. Usipoziba ufa, mnajua wenyewe: robo mwaka hiyo tukio lilikula dola milioni 800 kabla ya kodi na kampuni ikaandika hasara ya milioni 220, na kufikia mwisho wa mambo gharama yote ilipita dola bilioni 1.1. Desemba 2023 wizara ya usafirishaji ya Marekani ikawapiga faini ya dola milioni 140, hawakuwahi kutoa kubwa kama hiyo kwa mambo ya haki za abiria.

Hisa zilikuwa karibu dola 36 kabla ya dhoruba. Siku zile zilishuka asilimia kadhaa tu, wengi wakasema tumepona. Oktoba 2023 zilikuwa karibu 22. Siyo dhoruba peke yake, kulikuwa na mikataba mipya ya mishahara na ndege za Boeing zinachelewa, lakini aliyenunua siku ile akidhani ameokota, kama mimi yule, alikaa na maumivu. Halafu Juni 2024 ukatokea mfuko wa uwekezaji wenye hisa za karibu dola bilioni 1.9 ukidai uongozi ubadilike, na mfuko wenyewe unaitwa Elliott, jina moja na dhoruba, sijatunga. Februari 2025 Southwest wakapunguza watu 1,750 makao makuu, Mei wakaanza kutoza mizigo, na mizigo ya bure ndo ilikuwa kitambulisho chao miaka yote. Yaani kutoka simu isiyopokelewa mpaka kuuza utambulisho wako ni kama miaka miwili na nusu.

Hesabu ya haraka ya siku ya tukio

Hii nimeitengeneza mwenyewe kwa kugawanya gharama kwa idadi ya safari zilizofutwa, siyo kitu cha kitabuni. Delta, shirika jingine la Marekani, Agosti 2016, umeme uligoma data senta ya Atlanta, safari kama 2,300, hasara dola milioni 150: inakuja dola 65,000 kwa safari. Southwest, bilioni 1.1 kwa safari 16,900: 65,000 tena. Delta tena Julai 2024, milioni 500 kwa safari kama 7,000: 71,000. Kwa shirika kubwa la Marekani basi nachukua 65,000 mpaka 70,000, nazidisha na safari zilizofutwa, napata picha ya awali kabla hata ya kampuni kusema chochote. Wenye safari ndefu nyingi inaenda juu, BA 2017 waliacha safari kama 700 tu kwa ile pauni milioni 80. Nchi ambazo fidia ni ndogo itakuwa chini.

Ukishapata hiyo namba ilinganishe na faida ya mwaka ya shirika. Ikiwa ni faida ya wiki tatu, tulia. Ikiwa ni faida ya nusu mwaka na shirika lina madeni makubwa, hapo ndo uanze kufungua ripoti.

Nani anasamehewa na nani jeraha linabaki

Tarehe 19 Julai 2024 ilikuwa kama mtihani uliotungwa na mwalimu. Apdeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, iliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 duniani, kosa moja, siku moja, la mtu wa nje, na mashirika matatu makubwa ya Marekani, American, United na Delta, yakapata karatasi ile ile ya maswali. American walisimama haraka sana. Delta wakaendelea kufuta siku tano, na kilichowakwamisha ni kile kile cha Southwest, mfumo wa kufuatilia marubani na wahudumu ulishindwa kukimbizana na mabadiliko. Delta wakatishia kuwashtaki CrowdStrike na Microsoft (baadaye CrowdStrike walifikishwa mahakamani kweli), Microsoft wakajibu kwamba inaonekana Delta hawajaboresha mifumo yao kama wenzao, Delta wakasema sisi tumewekeza mabilioni. Malumbano hayo waachie mawakili, we andika tu kwenye daftari lako: kosa lile lile, siku tofauti za kupona.

Ila hapa ndo watu wanachanganyikiwa, maana hisa za Delta mwisho wa 2024 zilikuwa juu kuliko kabla ya tukio. Imekuwaje? Kwanza abiria wa Atlanta ataenda wapi, Delta ndo uwanja wenyewe pale. Pili zile pointi abiria anazokusanya kila akisafiri nao. Mtu mwenye maili laki mbili haondoki kwa sababu amelala sakafuni usiku mmoja, anatukana, anaandika mtandaoni, wiki ijayo anakata tiketi ile ile. Hela Delta wanayopata kutoka American Express kwa ajili ya kadi za mkopo zenye jina lao na hizo pointi ilikuwa kama dola bilioni 7.4 mwaka 2024, na hiyo inaingia hata ndege zikiwa chini. Mwaka 2020 United waliweka mpango wao wa pointi dhamana ya mkopo wa dola bilioni 6.8, na makadirio yao yenyewe yalisema ule mpango una thamani ya kama bilioni 22. Kwa hiyo mtu akikuambia sifa ya shirika haipimiki kwa hela, inapimika, angalia mapato ya pointi. Yakianza kushuka miezi sita baada ya balaa, hapo ndo abiria wameondoka kweli, kelele za mtandaoni usizihesabu sana.

Jeraha linabaki pale ambapo tukio linaacha gharama ya kudumu. Ryanair, shirika la bei nafuu la Ulaya, Septemba 2017 walivuruga likizo za marubani, wakafuta safari zaidi ya 2,000 ndani ya wiki sita halafu wakatoa nyingine 18,000 kwenye ratiba ya msimu wa baridi. Soko likakunja uso kidogo tu. Lakini Desemba walipokubali kutambua vyama vya marubani kwa mara ya kwanza kwenye historia yao hisa zikashuka vizuri siku hiyo, kwa sababu fidia unalipa mara moja, mshahara uliopanda unalipa kila mwezi milele. Ukiona tukio linawapa wafanyakazi nguvu mezani, au serikali sababu ya kuandika sheria mpya, hiyo ni gharama isiyo na tarehe ya mwisho.

Qantas ni aina nyingine kabisa, kule hakuna kompyuta iliyozima, kilichozima ni imani. Mwaka 2020 walitoa kazi za mizigo na uwanjani kwa kampuni za nje, wafanyakazi 1,820 wakapoteza kazi, mahakama ikasema ni kinyume cha sheria, wakakata rufaa mpaka mahakama ya juu kabisa Australia na Septemba 2023 wakashindwa. Agosti mwaka huo walikuwa wametangaza faida ya rekodi, dola za Australia bilioni 2.47 kabla ya kodi, na wiki moja baadaye mamlaka ya ushindani ikawashtaki kwa kuuza tiketi za safari ambazo walikuwa wameshazifuta. Mtendaji mkuu Alan Joyce, miaka 15 kwenye kiti, akaondoka mapema siku chache baadaye. Wanahisa Novemba wakapiga kura zaidi ya asilimia 80 kuikataa ripoti ya malipo ya mabosi. Milioni 100 adhabu na 20 za abiria kwa hizo tiketi, milioni 120 fidia ya wafanyakazi, milioni 90 adhabu nyingine Agosti 2025. Ukijumlisha hiyo ni sehemu ndogo tu ya faida ya mwaka mmoja na hisa baadaye zilipanda mpaka rekodi, kwa hiyo usidanganyike kwamba uovu unaadhibiwa na soko. Ila aliyeuza kwa hofu Oktoba 2023 na aliyenunua pale pale waliona vitu tofauti: wa pili alikuwa ameangalia kwamba uongozi umeng'oka, mpinzani ni mmoja tu wa maana, na hela ipo ya kulipa.

Unayasoma wapi haya

Ripoti ya mwaka, usianze na barua ya mwenyekiti, hiyo imeandikwa na watu wa matangazo. Nenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Kuna mstari wa hela iliyotumika kununua mali na vifaa na kuna mstari wa gawio na wa kununua tena hisa zake zenyewe. Weka miaka mitano pembeni kwa pembeni. Mashirika ya Marekani miaka kabla ya korona yalimwaga hela kwenye kununua hisa zake, American Airlines peke yake zaidi ya dola bilioni 10, halafu 2020 ikabidi serikali iwape kama bilioni 54 za kulipa mishahara na kuwakataza kununua hisa wala kutoa gawio mpaka mwisho wa Septemba 2022. Gawio siyo baya, mimi nalipenda kama mtu yeyote, shida ni gawio linalotoka kwenye mfuko wa sava.

Kisha sehemu ya vihatarishi. Watu wanairuka kwa sababu inaboa na inataja kila kitu mpaka vita na volkano. Ujanja wangu ni kufungua ya mwaka huu na ya miaka mitatu nyuma nikasoma aya ya teknolojia tu, zote mbili. Maneno yakiwa ni yale yale neno kwa neno, hakuna kilichofanyika. Yakiongezeka maneno kama mifumo ya zamani, kutegemea mtoa huduma mmoja, kuchelewa kwa mradi, mwanasheria wao anakuambia kitu ambacho bosi hataki kukuambia.

Angalia pia bonasi ya wakubwa inapimwa kwa nini. Ikiwa ni gharama kwa kiti tu na muda wa kufika haumo, unajua watakata nini. Taarifa za vyama vya wafanyakazi zisome hata kama zina chumvi, toa chumvi ubaki na majina ya programu wanazozilalamikia. Kwa Marekani wizara ya usafirishaji inatoa kila mwezi takwimu za ucheleweshaji, ufutaji na malalamiko, bure kabisa. Na kwenye mizania (orodha ya mali na madeni ya kampuni) kuna deni moja la ajabu, hela za tiketi zilizouzwa ambazo watu hawajasafiri bado. Linganisha na robo ile ile ya mwaka jana, usilinganishe na robo iliyopita maana msimu utakudanganya. Likipungua baada ya tukio wakati wapinzani lao linapanda, abiria wanahama.

La usalama naligusa haraka kwa sababu halina hesabu. Shirika likianza kutajwa na wakaguzi kwa matengenezo, mimi natoka, sisubiri bei. ValuJet lilikuwa kipenzi cha soko, gharama za chini kuliko wote, matengenezo yamepewa makandarasi, na 11 Mei 1996 ndege yao ikaanguka Florida watu 110 wakafa baada ya mitungi ya kutengeneza oksijeni, iliyofungashwa isivyotakiwa na makandarasi hao, kupakiwa ndani. Mwaka uliofuata hata jina lilifutwa.

Siku yenyewe ikifika

Saa 24 za kwanza usifanye kitu. Kweli kabisa, usinunue, usiuze. Fuatilia idadi ya safari zilizofutwa kwa siku, siyo jumla. Siku ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza na ya tatu ndogo zaidi, wanapona. Siku ya tatu ikiwa kubwa kuliko ya pili, wamepoteza ramani ya watu wao kama Southwest, na hapo hesabu ya 70,000 kwa safari inaanza kukimbia. Angalia na wenzao wa karibu siku hiyo hiyo, kama wote wamekwama ni hali ya hewa au ni mtu wa nje, kama ni wao peke yao ni wao.

Sikiliza bosi anatoka baada ya muda gani na anasema nini. Anayesema "tumeathiriwa na mtoa huduma" siku ya nne, wakati washindani wenye mtoa huduma huyo huyo wanaruka, ananiambia hata ndani hawajakubaliana tatizo ni nini. Anayetaja mfumo kwa jina na tarehe ya kuubadilisha, huyo namsikiliza.

Na mimi nina kaujanja kangu ka kitoto, napiga simu ya huduma kwa wateja ya hilo shirika. Sina tiketi, sina shida, nataka tu kujua inachukua muda gani kupokelewa, siku ya tukio na wiki mbili baadaye. Kuna moja nilikaa dakika 50 wiki mbili baada ya kila kitu "kurudi kawaida" kwa mujibu wao. Nikakata simu nikafuta oda yangu ya kununua hisa.

Kama unamiliki hisa na siku hiyo hiyo umekwama uwanjani na tiketi yao mkononi, dai fidia yako yote, picha za ubao wa safari, risiti ya hoteli, kila kitu. Kuna watu nimewasikia wanaona aibu eti wanajiibia wenyewe. We una hisa 40, wao wana mamilioni ya hisa sokoni, hiyo fidia yako hutaiona kwenye ripoti hata uitafute na tochi.